Nati Iliyodondokea Njia ya Mtae

Sharifa hakuwahi kuwasha pikipiki yake asubuhi bila kwanza kuchuchumaa ubavuni mwake upande wa kushoto. Alilishika kanyagio la gia kwa vidole viwili, akalitikisa juu na chini kama mama anayelipima jino la mtoto lililolegea. Halafu kidole chake kiliifuata ile rodi nyembamba inayoliunganisha kanyagio na mkono mdogo wa gia ubavuni mwa injini, kikagusa kifundo cha mbele, kikagusa cha nyuma, kikazigusa nati zake. Madereva wenzake pale kituoni Lushoto walimcheka mwanzoni, wakasema huyu anaisalimia pikipiki. Baadaye walizoea. Aliyemfundisha kazi, Fundi Saidi, alimwambia siku ya kwanza kabisa: "Breki ikitaka kufa itakulilia wiki nzima. Rodi ya gia hailii. Inacheza kidogo, unanyamaza, inacheza kidogo, unanyamaza, halafu inakuacha mlimani."

Asubuhi hiyo, kifundo cha nyuma kilicheza.

Hakikucheza sana. Alichukua spana namba kumi akaikaza nati mpaka ikagoma. Ila aliona wazi kwamba nati ya pili, ile inayokaa mgongoni mwa mwenzake ili kuizuia isijifungue kwa mtikisiko, haikuwapo. Ilidondoka lini, Mungu ndiye ajuaye. Akainua macho kutazama mlango wa karakana ya Saidi ng'ambo ya barabara. Ulikuwa bado umefungwa.

Hapo ndipo alipomwona mzee mmoja mnene akija mbiombio, amevaa koti jeusi la sikukuu, mgongoni amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa blanketi, kama mtu aliyembeba ndama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Onga makeo," akaongeza salamu ya asubuhi ya Kishambaa. "Nifikishe Mtae."

Alikuwa Mzee Aron, seremala wa Magamba, na kilichokuwa ndani ya blanketi ni besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika kundi la wapiga tarumbeta wa usharika wake. Wenzake walikuwa wameondoka na gari alfajiri kwenda kwenye sikukuu ya mavuno. Yeye alichelewa kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa anazaa.

"Wataanza bila mimi," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Umewahi kusikia tarumbeta bila besi? Ni kelele za kuku tu."

Sharifa aliutazama tena ule mlango wa karakana. Akaitazama nati aliyoikaza. Imekaza, alijiambia. Akampa mzee helmeti, akamsaidia kupanda, wakaondoka.

Mzee Aron alikuwa mwoga wa pikipiki, wala hakuona haya kulionyesha hilo. Kila kona aliita jina la Bwana, na kona za njia ile hazihesabiki. Walipita katikati ya msitu wa Magamba, miti imeshikana vichwa juu yao, wakatokea kwenye mashamba ya viazi na kabichi yaliyolala kwenye miteremko kama mikeka ya viraka. Lukozi walikuta malori yanapakia karoti. Walipofika Sunga jua lilikuwa limekwisha kumezwa na mawingu, na walipotoka Sunga, ukungu ulishuka.

Watu wa milimani wanaujua ukungu. Lakini ule wa siku hiyo Sharifa alikuwa hajauona. Ulikuja ukiwa mzito kama sufi, ukaziba kingo za barabara, ukaiziba barabara yenyewe, mpaka taa ya pikipiki ikawa inamulika ukuta mweupe. Mbele yao palikuwa na mlima mkali wa kupanda. Injini ilianza kulemewa. Sharifa alibana klachi, akashusha mguu ili arudi gia ya chini.

Mguu wake ulizama. Ulizama kama wa mtu anayepanda ngazi gizani akadhani imebaki moja, kumbe zimekwisha. Kanyagio lilianguka mpaka mwisho bila kugusa kitu, wala halikurudi. Injini ilikohoa ikiwa bado kwenye gia ya nne, ikatikisika, ikazima.

"Shuka mzee! Shuka upande huu, upande wa mlima!"

Mzee Aron alishuka kwa kishindo, besi ikaguna ndani ya blanketi. Sharifa alibana breki zote mbili, wakaisukuma pikipiki mpaka ikaegemea ukingo wa juu. Akachuchumaa. Rodi ilikuwa inaning'inia kama mkono uliovunjika. Kifundo cha nyuma kilikuwa tupu: nati haipo, na bolti yake haipo. Alirudi nyuma ameinama, akipapasa changarawe kwa viganja, lakini ukungu ulikuwa umefika mpaka chini na hakuona hata vidole vyake mwenyewe.

Simu haikuwa na mtandao. Honi ya pikipiki ilikuwa imezidi kuwa dhaifu siku hizo, ililia kama panzi. Na jambo moja lilimtisha Sharifa kuliko yote: malori ya kabichi hushuka njia hiyo, na dereva wa lori kwenye ukungu ule angewaona akiwa amekwisha kupita juu yao.

"Mzee, lipige hilo tarumbeta."

"Hili? Hili ni la ibada, mwanangu."

"Mzee wangu, lori halitatuuliza dini."

Mzee Aron alifikiri kidogo. Akalifungua blanketi. Besi ilitokea, shaba yake imefifia, ina makovu, mdomo wake mpana kama karai. Aliipakata, akajipangusa midomo, akavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikalia.

Sharifa alikuwa amezisikia tarumbeta tangu utotoni, kwenye harusi na misiba ya majirani Wakristo. Lakini hakuwahi kusimama peke yake na besi, ndani ya ukungu, juu ya mlima. Sauti ile haikuingia masikioni. Iliingia kwenye miguu. Ilipita ardhini, ikapanda magotini, ikatulia kifuani kama moyo wa pili. Mbega waliokuwa wakikoroma msituni walinyamaza wote kwa pamoja. Sauti ilikwenda, ikapotea, na baada ya kitambo ilirudi kutoka mahali mbali sana, imekuwa laini, kana kwamba mlima mwingine ulikuwa umeitikia.

"Subhanallah," Sharifa alinong'ona.

Mzee Aron alishusha tarumbeta. Kimya kikarudi. Na ndani ya kimya kile, Sharifa akasikia: *ti.*

Alijua ni injini. Injini ya moto ikipoa hulia hivyo, chuma kikijikunja. Akaendelea kupekua kiboksi chake cha vifaa.

*Ti. Ti.*

Aliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa imekwisha kupoa.

"Mzee, piga tena."

Alipiga tena, sauti moja ndefu. Mlima uliitika. Halafu: *ti.*

Walitazamana. Mzee Aron, bila kuambiwa, akapiga mara mbili, fupi fupi, *bu, bu.* Wakasubiri. Kutoka chini, kutoka ng'ambo ya ukingo wa barabara ambako hapakuwa na kitu ila weupe, ikaja: *ti, ti.*

Mzee Aron alikuwa amefumba macho. Alipiga mara tatu. Ikajibiwa mara tatu.

"Ni mtu," Sharifa alisema.

"Ni mtu," mzee akaitika, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Au ni kitu gani?"

Sharifa alisogea kwenye ukingo wa bonde akaita. Akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kishambaa. Hakuna sauti iliyojibu, ila chuma kile, *ti, ti, ti,* haraka haraka sasa, kama kinalia.

Kwenye pikipiki haikosekani kamba ya katani ya kufungia mizigo. Waliifunga kwenye mti ulio kando ya njia, Mzee Aron akaizungusha kiunoni mwake na kukaa chini, visigino vimechimba udongo. Sharifa akajifunga ncha nyingine, akakunja baibui lake juu ya suruali, akaanza kushuka kinyumenyume.

Aliteremka kwa kupapasa. Mkono ulitafuta shina, mguu ukatafuta jiwe, na kila alichokishika kilikuwa kimelowa. Hakuona chini, hakuona juu. Ukungu ulimzunguka sawasawa pande zote, na kwa namna ya ajabu hilo lilimpa utulivu; alihisi kama anashuka ndani ya maziwa. Alipokuwa akipotea, alimwambia mzee apige, na mzee, japo amekaa amefungwa kamba, aliipiga besi mapajani mwake, na chuma kikajibu, na Sharifa akaufuata mlio.

Mguu wake ukagusa kitambaa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amelala kwa ubavu kwenye kijibaraza cha ardhi, amezuiwa na kisiki kikubwa. Mguu mmoja ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Mkononi alikuwa na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, na kando yake jiwe lililojaa alama nyeupe za mapigo. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Alimtazama Sharifa kwa macho makubwa, akaunyoosha mkono akamgusa shavu.

"Wewe ni mtu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa upepo mtupu.

"Mimi ni mtu, mama. Naitwa Sharifa. Ni dereva wa bodaboda."

Mwanamke yule akaanza kulia bila machozi. "Nilidhani ni parapanda," alisema. "Nimekaa hapa tangu jana mchana. Nimeita mpaka sauti ikaisha. Halafu nikasikia ile parapanda. Nikasema, Mungu wangu, siku imefika, wafu wanaamshwa, na mimi niko huku bondeni hakuna anayejua. Watahesabiwa wote nitasahauliwa. Ndipo nikagonga."

Sharifa naye, kwao Waislamu, alifundishwa juu ya baragumu la siku hiyo, na malaika aliyeliweka mdomoni akingoja amri. Aliushika mkono wa yule mama, baridi kama jiwe la mtoni, akabaki ameushika.

Jina lake lilikuwa Efrazia. Alikuwa amekuja kukata majani, akateleza. Nyumbani hawakumtafuta kwa kuwa alikuwa amewaaga kwamba akimaliza angepitiliza kwa dada yake Rangwi, alale huko. Kwa hiyo katika dunia nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba amepotea.

Sharifa aliufunga mguu kwa fito mbili na kitenge cha mama mwenyewe. Akajifungua kamba, akamfunga Efrazia kifuani na chini ya makwapa, yeye akabaki bila chochote ila mizizi. Akapaza sauti: "Mzee, vuta!"

Hakuna aliyewahi kumdhania Mzee Aron kuwa na nguvu zile. Alivuta akiimba. Kila mvuto, mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, na Sharifa akisukuma kwa bega kutoka chini, na Efrazia akiuma ncha ya kilemba chake asipige yowe. Walipumzika, wakaenda, wakapumzika. Efrazia alipofika juu, mzee alimbeba kama mtoto, akamlaza kando ya njia, akavua koti lake la sikukuu akamfunika. Kisha aliketi akalia waziwazi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Sharifa.

Alichuchumaa tena ubavuni mwa pikipiki. Jambo la kwanza lilikuwa kuitoa kwenye gia ya nne. Alimwomba mzee aisukume pikipiki mbele kidogo, nyuma kidogo, na yeye akaubana ule mkono mdogo wa gia kwa koleo akauvuta. Ukagoma. Mbele, nyuma. Ukaingia, *tak,* gia ya tatu. Tena. Ya pili. Tena, mpaka taa ndogo ya kijani ikawaka kuonyesha kuwa imekaa huru.

Sasa bolti. Alijua kila bolti ya pikipiki ile, ipi inaweza kung'oka na ipi iking'oka mtu anakufa. Macho yake yalikwenda nyuma, kwenye kibao cha namba. Kibao kilishikwa kwa bolti mbili, kila moja na nati yake, na unene wake ulikuwa sawa na ule uliopotea. Alizifungua zote mbili. Kibao akakifunga kwa waya. Bolti moja akaipitisha kwenye tundu la kifundo na kwenye mkono wa gia, akaweka nati ya kwanza akaikaza, akaweka nati ya pili juu yake, akaishika ya ndani kwa koleo na kuikaza ya nje kwa spana, mpaka zikaumana.

"Hizo ndizo mbili?" Mzee Aron aliuliza. Alikuwa ameinama juu ya bega lake, anatazama kama anayetazama mtu akishona kidonda.

"Ndizo mbili. Moja ikitaka kwenda, nyingine inaikatalia."

Alilijaribu kanyagio. Lilikaa chini mno, karibu liguse mahali pa kuwekea mguu. Rodi nayo ilikuwa imejizungusha yenyewe kwa kulegea. Alilegeza nati za miisho yake, akaizungusha rodi taratibu. Mwisho mmoja uzi wake huzunguka kushoto na mwingine kulia, kwa hiyo ukiizungusha inajivuta miisho yote pamoja, kama mtu anayekunja viwiko. Kanyagio likapanda. Lilipofika sawa na unyayo wake, akazikaza zile nati. Mwishoni alikata ukanda wa mpira wa tairi la ndani aliokuwa nao kwenye kiboksi, akakiviringisha kifundo chote na kukifunga, ili mtikisiko ufie mle.

Akalishika kanyagio kwa vidole viwili, akalitikisa. Halikucheza.

Efrazia alikuwa akimtazama muda wote kutoka chini ya lile koti jeusi. "Kilichodondoka ni hicho kidogo tu?" aliuliza.

"Ndicho hicho tu, mama. Hata ncha ya kidole gumba hakifiki."

Efrazia alifumba macho. "Kingedondokea pale mbele kidogo," alisema, "nisingewasikia."

Hawakuweza kubeba kila kitu. Mzee Aron mwenyewe aliifunga besi kwenye blanketi, akaitundika kwenye tawi la mti uleule uliofungwa kamba, akaipigapiga kama mtu anayemuaga rafiki. Kisha akapanda nyuma, Efrazia akakaa katikati amekumbatiwa, mguu wake umenyooshwa juu ya kipande cha mti kilichofungwa ubavuni.

Sharifa aliwasha. Akabana klachi, akakanyaga. *Tak.* Gia ya kwanza iliingia, na hakuna sauti iliyowahi kumpendeza vile. Waligeuza kurudi Sunga, wakateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ndiyo inayowazuia, na kila alipobadilisha gia alishikilia pumzi, na kila mara mguu wake ulikuta kitu kigumu cha kukanyaga. Mzee Aron safari hii hakuita jina la Bwana kwenye kona hata moja. Alikuwa akimwambia Efrazia habari za ndama aliyezaliwa alfajiri, rangi yake, doa la kwenye paji la uso, jinsi alivyosimama akaanguka, akasimama tena.

Kwenye zahanati waliwapokea mbio. Mganga alimpa Efrazia dawa ya maumivu na maji ya mshipa, akasema mguu utapona lakini lazima apelekwe hospitali Lushoto, na kwamba usiku mmoja mwingine kwenye baridi ile asingeumaliza. Watu wa nyumbani kwake walikuja wanakimbia, miguu mitupu. Mkwewe, binti mmoja aitwaye Happiness, alipoambiwa alianguka magotini kwenye sakafu na kurudia neno moja tu: "Tulilala. Sisi tulilala." Efrazia akamvuta kwa mkono akamlaza kichwa kifuani mwake.

Wakati gari linasubiriwa, Sharifa alimwambia Mzee Aron abaki na mgonjwa. "Nakufuatia besi yako."

Alipanda peke yake. Na alipokuwa akipanda, upepo ukageuka. Ukungu ulianza kuchanika. Kipande cha anga hapa, kilele cha mlima pale, kama mtu anayefunua mapazia ya nyumba kubwa chumba baada ya chumba. Alipofika kwenye ule mti, besi ikiwa bado inaning'inia, jua lilikuwa limefika barabarani na changarawe inameremeta kwa umande.

Alifungua ile kamba mtini, akaishusha besi. Halafu, bila kukusudia, akasogea kwenye ukingo atazame mahali alipokuwa.

Aliona alama za nyayo zake kwenye udongo mwekundu. Aliona shina alilolishika, na jiwe alilolikanyaga, na chini yake kile kijibaraza, kidogo kama meza ya kulia, na kisiki kilichomzuia Efrazia. Na nyuma ya kisiki hapakuwa na kitu.

Mlima ulikatika pale. Ulikatika kama mkate. Jabali lilishuka wima, likashuka tena, mpaka macho yakachoka, na huko chini kabisa, mbali kuliko anavyoweza kufikiria mtu, ulilala uwanda wa Mkomazi, wa kahawia na dhahabu, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake polepole kama makundi ya ng'ombe. Tai alikuwa anazunguka, na Sharifa alikuwa anautazama mgongo wake. Ng'ambo ya uwanda palikuwa na milima ya Upare, buluu, na nyuma yake buluu nyingine, na nyingine, mpaka haikujulikana kipi ni nchi na kipi ni mbingu.

Alikuwa amesimama kwenye kijibaraza kile. Alijifungua kamba pale. Aligeuka pale, akasukuma kwa bega, mguu wake wa kulia ukiwa nyuma kutafuta pa kukita, ukagusa ukingo wa kisiki, ukatulia. Kama ungesogea shubiri moja zaidi, ungelikuta hilo anga.

Alikaa chini, akashika majani kwa mikono miwili. Hakulia wala hakuomba. Alikaa tu, mdogo kabisa, huku dunia imefunguliwa mbele yake kwa ukubwa usio na haya. Alikuwa ameiendesha njia ile miaka na miaka, akitazama mashimo na kona. Upepo ulipanda kutoka chini ukampiga usoni, na ulikuwa wa joto, unanuka vumbi na nyasi kavu, harufu ya nchi nyingine.

Aliporudi zahanati na besi mgongoni, gari lilikuwa limekwisha kumchukua Efrazia. Mzee Aron alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa koti lake lenye matope, kikombe cha chai mkononi.

"Sikukuu imekwisha kufika nusu," Sharifa alisema. "Tukiondoka sasa unaweza kukuta nyimbo za mwisho."

"Umepauka, mwanangu. Umeona nini?"

"Panda mzee. Nitakuonyesha."

Alisimamisha pikipiki palepale. Mzee Aron alishuka, akajisogeza hatua kwa hatua mpaka ukingoni, akaangalia kisiki, akaangalia nyuma ya kisiki. Alivua helmeti taratibu, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili. Sharifa alisimama kando yake. Kutoka upande wa Mtae, ikibebwa na upepo, zilikuja tarumbeta za wenzake, nyembamba kwa umbali, na mzee hakuonyesha kwamba amezisikia.

Nyuma yao lori la kabichi lilishuka kona likasimama, dereva akatoa kichwa.

"Vipi, mmeharibikiwa?"

"Hapana," Sharifa alisema, bila kugeuka. "Tunatazama tu."

Dereva alitazama walikokuwa wanatazama. Akazima injini.